Pua Ndefu ya Baba

Mjukuu wangu Kosmas,

Salamu kutoka Rutamba. Usinicheke kukuita mjukuu. Marehemu bibi yako alikuwa dada yangu mkubwa, ingawa mimi nimemaliza shule juzi tu. Baba yetu yu mzima, ila haongei sana.

Unasema padri amewafundisha kwamba kwa Kiebrania neno "af" ni pua, tena ni hasira, na mwenye pua ndefu ni mvumilivu. Unauliza inawezekanaje. Mimi niliona.

Baba akikasirika hutawadha. Hupandisha maji puani na kuyapenga mpaka pumzi zirefuke. Alimkataa bibi yako kwa sababu alibatizwa. Siku dada alipokuja kuomba radhi, tayari mgonjwa, alipiga magoti uani.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia, akaenda mtungini. Alipandisha maji, akapenga, akapandisha tena, na pumzi bado fupi. Dada alisubiri hadi kivuli kikamhama.

"Mdogo wangu, niagie," akaniambia, akaondoka.

Baba alirudi ametulia, ndevu zikidondosha maji. "Marahaba, mwanangu," akauambia uwanja mtupu. Hawakuonana tena.

Likizo ukija, mwamkie Baba kwa sauti. Akichelewa kuitikia, usiondoke.

Bibi yako mdogo,
Zuhura