Mashine Inalala Wapi?

Bwenini, 4 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na mjukuu wangu, yule mke mwenzangu, naye ni mzima, anakula na shule anakwenda. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi za bweni, lakini wasichana hawajui, na wasijue, maana siku wakijua mlezi wao hawezi ngazi watahamia wote ghorofa ya juu.

Ningeweza kupiga simu. Nimepiga. Kila nikikuuliza jambo la maana unakohoa, kisha mtandao unakuwa mbaya. Karatasi haina mtandao mbaya, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Yule mchuuzi wa samaki wakavu alipita hapa wiki iliyopita. Alipokwisha kuniuzia, huku anafunga gunia lake, akasema, "Mama, siku hizi mashine yako haipandi kilima." Nikamuuliza ana maana gani. Akasema zamani kila jioni alikuona unapanda kile kilima kutoka ufukweni mpaka nyumbani, mashine ya boti begani, jasho linakutoka. Sasa anakuona unapanda mikono mitupu, unatembea kama mtu aliyetoka kunyoa.

Swali langu ni moja. Mashine inalala wapi?

Usiniambie inalala kwenye boti. Hakuna mwenye akili anayeacha mashine kwenye boti mpaka asubuhi; atakuta skrubu mbili na harufu ya petroli. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nalea wasichana wa shule, uongo naujua hata ukiwa bado uko kwenye ngazi unapanda.

Mkwe, nakukumbusha. Mwanangu alipofariki nilikuachia vitu viwili: mashine, ambayo nilimnunulia yeye ili mumewe aache kupiga kasia, na mtoto. Nilisema mbele ya watu kwamba ukishindwa kutunza kimoja, vyote viwili vinakuja kwangu. Sijabadilisha neno.

Mchuuzi atapita kwako kuchukua jibu.

Mama mkwe wako


Nyumbani, 19 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole sana na magoti. Sisi huku hatujambo. Mke mwenzako amepoteza jino la mbele na hakulia, ila sasa anatema maneno kama mzee.

Kuhusu mashine, ondoa hofu kabisa. Inalala mahali salama, karibu na ufukwe, kwa mtu mwaminifu. Huku kilimani kumeingia wezi. Kwa fundi viatu wameiba mpaka kitasa cha mlango. Nikaona si busara kuendelea kuipandisha huku juu, watu wote wanaiona inavyoingia ndani.

Yenyewe ina afya kutushinda sote. Mwezi wa kwanza ilisumbua kidogo, nilizidisha oili kwenye petroli, ikawa inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi na haitaki kuwaka. Nimebadilisha plagi. Sasa inawaka kwa kuvuta kamba mara moja, na maji ya kuipoza yanatoka vizuri, inakojoa mshazari mpaka wenzangu wanaionea wivu. Kuna mmoja mashine yake ilikata mkojo katikati ya safari, asijali, akaendelea mwendo. Mpaka leo anapiga kasia.

Ili roho yako itulie, nimesafishisha picha ya mashine dukani na nimeiweka humu. Itazame mwenyewe.

Mtoto anakusalimu sana.

Mkweo


Bwenini, 3 Machi

Mkwe,

Marahaba. Nimefurahi jino limetoka bila kilio. Magoti yangu usiyaulize.

Tuje kwenye picha. Uliniambia niitazame, na nimeitazama, karibu na dirisha, kwa miwani ya kusomea na kisha kwa ile ya kutazamia mbali.

Sakafu yako ni ya udongo, naijua, nimeifagia mwenyewe. Hii ni ya saruji nyekundu na inang'aa. Nyuma kuna pazia la maua ya njano. Wewe na pazia mmejuana lini? Dirisha lako lilizibwa kwa gunia mpaka mwanangu alipoolewa akalitoa. Basi nikasema, sawa, ni nyumba ya mtu mwaminifu, na waaminifu nao wana mapazia.

Lakini mashine imesimama wima kwenye kigoda cha mbao, propela haigusi chini. Wewe ulikuwa unaibwaga popote, ikalala kifudifudi kama mlevi, mwanangu akawa anakufuata nyuma kuiinua. Hata hilo ningelimeza. Lililonikaa kooni ni mikunjo. Pale mashine inapobana boti, kwenye kona za chuma, chumvi hukaa ikakauka ikawa nyeupe. Nimetafuta chumvi, hakuna. Kuna mtu anapitisha mswaki mle ndani. Mkwe wangu, wewe hata ukioga hufiki nyuma ya masikio. Mashine imetunzwa kupita uwezo wako, na hilo ndilo linalonitisha. Ingekuwa chafu ningelala usingizi.

Halafu kitambaa. Kwenye mkono wa mashine, pale unapokamata kuiongoza, kimefungwa kitambaa, fundo liko mbele, lina masikio mawili, moja refu na moja fupi lililopinda. Fundo lile ni la mwanangu. Alifunga hivyo nywele, vifurushi, mfuko wa mkate, kila kitu. Sijaliona tangu tumzike. Nimelitazama mpaka uji wa wasichana ukaungua. Nani huyo anayefunga fundo la mwanangu? Umemfundisha mwanamke mwingine mambo ya mkeo mpaka hilo?

Ndiyo, nimesema mwanamke. Mwandiko wako ni wa kuku, naujua tangu barua ya posa. Barua hii imeandikwa na mtu aliyesoma akaelewa.

Bweni linafungwa mwezi wa nne. Nitakuja. Nitakuja na mtu mwenye mabega ya kubeba mashine, na mtoto nitamshika mkono mimi mwenyewe.

Mama mkwe wako

Na wewe unayemwandikia, najua unasoma haya. Mwandiko mzuri. Nakuona.


Bwenini, 24 Machi

Mkwe,

Hujambo? Nakusalimu kwa sababu nililelewa. Mtoto hajambo?

Mchuuzi amepita bila barua. Anasema alikuuliza, ukamjibu "bado". Bado nini? Barua ya kurasa mbili na picha uliileta upesi ulipokuwa na wa kukuandikia.

Ananiambia pia amewaona mkienda baharini. Uliyeshika mashine ni wewe, lakini aliyevuta kamba kuiwasha ni baharia wako, na wewe umekaa tu kama abiria. Tangu lini mwenye mashine akaomba kuwashiwa mashine yake? Umeiuza? Umeiweka rehani kwa huyo mwenye pazia, sasa unaazimwa?

Mtu mwenye mabega nimeshamwambia ajiandae. Na kitanda cha mtoto nimekitandika, kiko chumbani kwangu, upande wa ukutani.

Mama mkwe wako


Nyumbani, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mtoto hajambo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, neno moja moja, na karatasi nyingi nimezichana. Ndiyo ile "bado".

Mkono wa kulia hauandiki kwa sababu bega langu lilichomoka. Ilikuwa kabla ya barua yako ya kwanza, ule wakati wa oili kuzidi. Mashine iligoma, nikavuta kamba kwa hasira, nikavuta tena, kamba ikakwama katikati na mimi nikaendelea. Hospitali walilirudisha wakaniambia nisinyanyue kitu. Nikajikaza kisabuni, nikaibeba mashine kupanda kilima ili watu wasijue, likachomoka tena mlangoni kwangu, mtoto akiona.

Wezi hawakuwepo. Sikukwambia ukweli kwa sababu niliogopa. Mvuvi asiye na bega ni mvuvi gani? Nilijua utasema nimeshindwa, na neno lako la mbele ya watu nalikumbuka kila siku. Mashine ikienda naweza kurudi kwenye kasia nikipona. Mtoto akienda, Mama, sijui nitarudi kwenye nini.

Mwenye pazia ni fundi nyavu. Chumba chake kinatazama ufukwe, wavuvi wote tunampelekea nyavu zilizochanika. Jioni yeye na baharia wangu wanaibeba mashine kutoka kwenye boti mpaka mlangoni kwake, ni pale pale. Mtoto akitoka shule anakaa hapo mpaka nirudi.

Sasa fundo. Sijamfundisha mtu, maana mimi mwenyewe silijui, nimejaribu nikashindwa. Ni mke mwenzako. Siku ile alipoona mashine ya mama yake inaingizwa nyumba ya watu, alikwenda kuchukua mswaki na ndoo, akamwambia fundi nyavu, "Mama anafanya hivi." Anasema anafanya, hasemi alifanya. Mikunjo anasugua yeye. Kitambaa anafunga yeye, na hataki mtu akiguse. Fundi nyavu alimletea kigoda tu.

Na lile unalolishuku, jibu ni ndiyo. Halikuanza na bega, lilikuja baadaye, taratibu, nilipokuwa nakaa pale namsubiri mtoto amalize kusugua. Ile habari ya kitasa alikataa kuiandika. Nikambembeleza akaandika, kisha hakunisemesha mpaka kesho yake. Sijamwoa. Barua ya posa ya kwanza niliileta kwako, na hii pia nilitaka uisikie wewe kwanza, kwa sababu mama mwingine sina.

Ukija, mashine chukua, ni yako. Kuhusu mtoto tukae tuzungumze, nakuomba kwa magoti yangu, na ya kwako.

Mkweo


Bwenini, 15 Aprili

Fundi nyavu,

Salamu. Hujambo, na kazi zinaendaje? Hatujuani. Nakuandikia wewe kwa sababu mkwe wangu kwa ule mkono wa kushoto atanijibu mwakani.

Kwanza uelewe kwamba sijakubali jambo lolote. Nazungumzia mashine. Ikitoka baharini iwashwe ndani ya pipa la maji ya kisima mpaka yale maji inayokojoa yasiwe na chumvi, na namna ya kujua ni kuyaonja, usione haya. Skrubu za kubania zipakwe grisi. Ikibidi ilazwe, mkono uwe juu, siku zote juu. Ikilala upande mwingine oili inahamia isikotakiwa, na asubuhi mtu atavuta kamba mpaka bega la pili nalo lichomoke. Yeye nimemwambia hayo tangu aoe, yameingia huku yakatokea kule.

Mchuuzi nimemuuliza kuhusu fundi viatu. Kasema mlango wa fundi viatu haujawahi kuwa na kitasa. Hapa bwenini msichana akikataa kusema uongo namwekea alama ya vema daftarini, akisema namwekea mkasi. Wewe ulikataa kisha ukaandika, kwa hiyo una nusu. Nitakuangalia.

Nina jambo nataka kukuuliza, na unijibu mwenyewe, kwa mwandiko wako. Mtoto anaposema "Mama anafanya hivi," wewe unamjibu nini? Nimelifikiria hilo tangu nisome barua ya mkwe. Ungekuwa umemsahihisha, naamini mkwe angeniandikia. Mkwe wangu ni mwongo mvivu, hawezi kuficha kitu kikubwa.

Mchuuzi amebeba kifurushi. Ndani mna kipande cha nguo ya mwanangu, nilikuwa nimekihifadhi sandukuni. Kitambaa cha kwenye mashine kimechakaa, niliona kwenye picha. Mpe mtoto, yeye ndiye atajua cha kufanya. Kimenitoka kwa shida, sikufichi, nimelia hapa mpaka msichana mmoja akaniletea maji.

Yule mtu mwenye mabega nimemwambia akae kwao. Nakuja peke yangu bweni likifungwa, na mfuko mmoja. Bega la mkwe nitalishika kwa mkono wangu, maneno nimeyachoka. Mtoto atalala kwa baba yake na mimi nitalala pembeni yake. Mashine iendelee kulala hapo kwako.

Na hili usimwambie mkwe, atajiona. Lile fundo hata mimi silijui. Mwanangu alilibuni mwenyewe udogoni, na kila nilipomwomba anionyeshe alicheka, akasema, "Kesho, Mama." Kifurushi hiki nimejaribu kukifunga hivyo hivyo, utaona mwenyewe nilivyoharibu. Mwambie mke mwenzangu siku nikifika asiende kucheza, akae anifundishe.

Mama