Mbwa Wangu Wawili Wamekataa Kula Karai Moja

Mpendwa Shangazi Wavinya,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi Ndunda anakuja na kamba. Wacha nianze mwanzo, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini, mimi ni mtu anayeheshimika hapa Katelembo na utaona ni kwa nini.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na miwili, niko na mbwa wawili, wote madume. Wa kwanza ni Sajini, alikuwa wa marehemu mzee wangu Nzomo, alimlea tangu akiwa mdogo wa kutoshea ndani ya kiatu cha gambuti, na mzee alipofariki miaka mitatu iliyopita huyo mbwa alilala chini ya kiti chake pale veranda siku nne bila kuonja chakula, na mpaka leo analala hapo hapo. Wa pili ni Kadogo, aliletwa na mwanangu Jeff anayefanya kazi kiwandani kule EPZ, alikuja naye miezi mitatu baada ya mazishi akaniambia, "Mathe, hautakaa hapa na mbwa mzee peke yake." Alikuwa ndani ya boksi la viatu, ndio nikamwita Kadogo, na sasa akisimama kwa miguu ya nyuma tunaangaliana macho kwa macho.

Mwanzoni waliishi vizuri sana, Kadogo akimvuta masikio Sajini anavumilia tu, lakini tangu mwaka jana mambo yamekuwa yakizidi, kwanza ilikuwa kunguruma wakipishana mlango wa jikoni, halafu wakaanza kuonyeshana meno, halafu siku moja Kadogo akaenda kulala chini ya kile kiti cha mzee, na Sajini akamkuta, na mimi nikakimbia nje na mwiko wa ugali mkononi nikapata veranda yote ni manyoya.

Sasa sikiliza aibu yangu. Mimi ndiye mpatanishi wa huku. Watu wakikosana wanaletwa kwangu Jumapili baada ya kanisa, ndugu waliogombania mpaka, mama na mkaza mwana, wote, na dawa yangu ni moja, ninawakalisha mezani, ninaweka sahani moja ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, katikati yao na vijiko viwili, na hakuna kuinuka mpaka sahani iwe nyeupe. Hata Kitonga na Munyiva, ambao walikuwa wanarushiana vyombo mpaka majirani wanatoka nje kutazama, niliwalisha hivyo mwezi wa tatu na mpaka leo hawajarudi kwangu. Basi nikajiuliza, kama inafanya kazi kwa binadamu itashindwaje kwa mbwa, nikapika matumbo, nikaweka kwa karai moja, nikaketi hapo kwa kigoda nikiwasimamia.

Siku ya kwanza walikula wakinguruma. Ya pili walipigana. Nikafikiri labda chakula si kitamu vya kutosha, nikaongeza mifupa ya supu, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu Sajini siku hizi mfupa hautafuni, anaulamba tu na kuuacha, halafu anaulalia, na Kadogo akisogea hata hatua moja ni vita. Hata mimi nikimpapasa shavu la kushoto siku hizi ananinung'unikia, yeye ambaye hajawahi kuninung'unikia maisha yake yote. Lakini sikukata tamaa, Shangazi, nimewalisha karai moja kila jioni wiki sita.

Jumapili iliyopita walishikana vibaya, nikaingiza mkono katikati, nikaumwa hapa chini ya kidole gumba. Sijui ni yupi aliyeniuma na sitaki kujua. Niliosha kwa maji ya chumvi, nikapaka mafuta ya kujipaka, nikafunga kitambaa, na kanisani nimewaambia nilichomwa na sufuria. Jeff peke yake ndiye nilimwambia ukweli na akasema, "Mathe, huyo mzee ashaisha. Ita vet amdunge sindano alale, usumbufu uishe." Na Ndunda jirani yangu, alisikia kelele akaja, akamwangalia Kadogo vile mtu anaangalia fahali sokoni, akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, nipe huyu mkubwa akanichungie nyanya. Jumamosi nitakuja na kamba." Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikasema sawa.

Tangu hapo silali. Nikimtoa Sajini nitakuwa nimemzika Nzomo mara ya pili. Nikimtoa Kadogo nitakuwa nimemrudishia mwanangu upendo wake usoni. Na hawa wote wawili ndio watu ninaoongea nao nyumbani, usinicheke. Nifanye nini niwapatanishe kabla ya Jumamosi?

Ni mimi,
Mpatanishi, Katelembo

*

Shangazi Wavinya anajibu:

Mama, weka gazeti chini, vaa viatu, nenda hospitali.

Umerudi? Kama hujaenda, usisome mbele. Nilikupigia simu mara tatu baada ya kupata barua yako, hukushika, kwa hivyo imebidi nikugombeze mbele ya kaunti nzima. Umeumwa na mbwa ukapaka mafuta ya kujipaka! Ulitaka jeraha ling'are? Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina tiba, na hakijali unapatanisha watu wangapi. Osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, halafu uende ukadungwe leo, si kesho, na urudi kila siku utakayopangiwa mpaka sindano ziishe zote. Na daktari mwambie ni mbwa, usimpelekee hadithi ya sufuria.

Sasa tuongee, na nakuonea huruma kwa dhati. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa kwa Sajini, kiti cha veranda na nyanya za Ndunda sijui tunamficha nani.

Unauliza utawapatanishaje. Mama, nani alikwambia wamekosana? Wewe umeona ugomvi wa ndugu, mimi nimesoma barua yako mara mbili nikaona mzee anayeumwa na meno. Mbwa anayelamba mfupa bila kuutafuna, anayekunung'unikia ukimgusa shavu la kushoto, huyo hana kiburi wala wivu, ana maumivu. Ameshindwa kula mfupa lakini hataki mtu ajue ameshindwa, ndio maana anaulalia. Umemwandika wewe mwenyewe vizuri sana, ila hukumsoma. Muite daktari wa mifugo wiki hii amfungue mdomo, kama kuna jino bovu liondoke, na umwulize chanjo za wote wawili ziko wapi. Hiyo sindano ya kulala ambayo Jeff anaitaka, mwambie asubiri mama yake amalize zake kwanza.

Kadogo naye ni dume changa, lina nguvu na halina kazi. Zungumza na daktari huyo huyo kuhusu kumhasi. Usishtuke, ng'ombe na mbuzi huko kwenu mnawahasi na hujawahi kuniandikia barua. Hiyo peke yake haitamfanya malaika, lakini inaweza kusaidia.

Na lile karai, nakuomba kwa heshima zote, litupe. Wiki sita! Kila jioni unawachukua mbwa wawili ambao tayari wanaogopana, unaweka kitu wanachokitaka zaidi duniani katikati ya pua zao, halafu unaketi kwa kigoda kutazama. Ungekuwa umekusudia kuwafundisha vita usingefanya vizuri zaidi. Mbwa hali na mwenzake ili amsamehe. Anakula haraka kabla mwenzake hajamnyang'anya.

Kuanzia leo kila mmoja ana bakuli lake, upande wake, na wakila wasionane hata mkia. Sajini abaki mbele na kiti chake, hicho ni chake na kisijadiliwe tena. Kadogo akae nyuma ya nyumba, na katikati kuwe na ukuta wa mabati, maana ukiweka waya wataonana na kuchokozana kutwa. Jeff alikuletea mbwa, sasa akuletee mabati na misumari, na aje mwenyewe apigilie. Usiku Kadogo afunguliwe alinde boma na Sajini alale jikoni, asubuhi mmoja aingie kwake kabla mwingine hajatoka. Usimfunge yeyote mnyororo kutwa nzima, hilo litamwongezea hasira. Na zikiisha siku kumi nitakazokueleza hapo chini, kila mmoja mtembeze peke yake hadi shambani, uongee naye huko, wala sikucheki, mimi naongea na kuku.

Wakishikana tena, mikono yako ikae mbali. Mwaga ndoo ya maji, gonga sufuria, sukuma ubao katikati yao, lakini kidole usipeleke. Mkono huo una kazi nyingine.

Baada ya miezi kadhaa, jino likipona na daktari akikubali, wanaweza kuonana tena, nje ya boma, kila mmoja na kamba yake na mtu wake, kwa mbali, bila hata harufu ya chakula. Huenda wakazoeana. Huenda wasizoeane maisha yao yote, na nataka unisikie vizuri hapa kwa sababu naona ndipo panapokuuma kuliko kidole: hiyo haitakuwa aibu yako. Umeishi miaka mingi ukiamini kwamba upendo ni watu kukaa meza moja. Wengine hupendana vizuri wakiwa na ukuta katikati. Umesema Kitonga na Munyiva hawajarudi kwako tangu mwezi wa tatu. Hukusema kama wamepatana. Watafute uwaulize, na wakija mezani kwako safari hii weka sahani mbili, uwasikilize wakila.

Naye Nzomo, mama, hayuko ndani ya Sajini, na upendo wa Jeff hauko ndani ya Kadogo. Lakini najua unachomaanisha, na sitakwambia uchague, kwa sababu hakuna haja.

Tena hata ungetaka kuchagua, huwezi. Mbwa aliyemuuma mtu hauawi wala hapewi jirani, anafungiwa na kuangaliwa siku kumi aonekane kama yuko mzima, na zako zinahesabiwa kuanzia Jumapili ile. Daktari wa mifugo atakueleza hivyo hivyo. Wewe unasema hujui ni yupi aliyekuuma na hutaki kujua. Vizuri sana, usijue. Maana yake ni kwamba wanaangaliwa wote wawili, na wote wawili hawatoki hapo bomani.

Zikiisha siku kumi utakuwa umeshapata mabati, meno yameshaangaliwa, na ile "sawa" uliyomwambia Ndunda ukiwa umechanganyikiwa itakuwa imesahaulika. Akikasirika, mkalishe umlishe muthokoi.

Jumamosi akija, mpe chai. Akiuliza mbwa, mwonyeshe Sajini chini ya kiti pale mbele, mpeleke nyuma akamwone Kadogo, kisha msindikize hadi njiani na kamba yake mkononi.