Mataruma ya Makaburini

Jumanne, usiku

Yameng'olewa yote. Nilijua wauza vyuma chakavu wanaiba reli za zamani, lakini sikudhani wangeingia makaburini. Sisi wa stesheni hii tulitoka kila mkoa, Waislamu kwa Wakristo, tukakubaliana kila kaburi lisimikwe taruma moja la chuma, lile linaloshikilia reli. Hatukuandika majina. Tulijuana.

Leo amekuja Mama Rehema kutoka Mwakitolyo, anakowapikia wachimbaji wa dhahabu. Kesho makaburi yanahamishwa kupisha reli mpya, naye anataka kumzika mumewe upya kwao Kigoma.

"Shemeji, wewe ndiye uliyemzika. Yuko wapi mkorofi wangu?"

Watu waliokuja kuhamisha wafu wao wakacheka. Mimi nilitazama ardhi iliyofukuliwa ovyo kama shamba la viazi. Alikuwa upande wa mnara wa maji, karibu na kaburi la yule fundi wa stesheni, au...

"Hapa," nikasema.

Akatandika kanga, akaketi, akaanza kumsimulia habari za wajukuu. Sikuweza kumkatiza.

Wanaanza kuchimba asubuhi. Nikinyamaza, huenda akapanda treni na mume wa mwanamke mwingine. Nikisema ukweli kwamba sina hakika, ataondoka mikono mitupu.

Amekwisha kununua sanda.