Mama Amegoma Kuwa Keshia wa Bure

Kerkstraat 27,
Bolsward, Friesland.
14 Machi 2024

Mpendwa kaka Wytse,

Hujambo huko kwenye baridi yenu ya Kanada? Mgongo unaendeleaje, na wifi Marleen kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Mvua ni ile ile, goti langu ni lile lile, na Mama anakula vizuri kuliko mimi.

Najua binamu yetu Sjoukje ameshakupigia simu kukuambia Mama amekamatwa akiiba dukani. Ndiyo maana naandika kwa kalamu, kwenye simu ungenikatiza. Mama hakuiba. Nipe nafasi nikueleze.

Duka unalijua, Mama alikaa kaunta namba tatu miaka thelathini na moja. Siku hizi kaunta zimeng'olewa, imebaki moja tu. Mteja anachukua mashine ndogo mlangoni, anasomesha bei za vitu vyake mwenyewe, anapakia mwenyewe, analipa, halafu anajifungulia geti kwa risiti. Kazi yote ya Mama, mshahara hamna. Mimi nimeshazoea, maana hata mita ya maji najisomea, na vifurushi navifuata kwa kinyozi. Mama aliona wazee wenzake wanahangaika na zile mashine, akaanza kuwasaidia kila Ijumaa asubuhi. Nilimwambia anaifanyia kampuni kazi ya bure. Akaniambia niache roho mbaya.

Ijumaa ya tarehe mosi alikuwa anamsaidia mzee Durk, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye macho yamepungua nguvu. Mama ameshika mashine mbili, yake na ya mzee, huku anaongea, na unamjua akianza kuongea. Wakati wa kutoka geti likamgomea Mama, likataka akaguliwe. Wafanyakazi wakafungua mfuko wake, wakakuta pakiti ya kahawa ambayo haimo kwenye risiti.

Walimpeleka chumba cha nyuma. Meneja mpya, Postma, alimwandikia karatasi yenye neno wizi, na marufuku ya kuingia dukani mwaka mzima. Mama alitia sahihi. Anasema alichotaka ni kufika nyumbani tu. Kaka, iliniuma sana. Siku nne hakutoka nje, hata kanisani hakwenda. Alisema kuanzia sasa akimtembelea mtu, mwenyeji atahesabu vijiko vyake akishaondoka.

Jumanne mzee Durk akaja amefura. Ubahili wake unaukumbuka: kila risiti anaipitia kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, hata ikimchukua siku nne. Akaitupa risiti ya Ijumaa mezani mbele ya Mama.

"Baukje, tangu lini mimi nanywa kahawa? Daktari kanikataza tangu mwaka juzi. Umenibambikia kahawa yako!"

Mama aliisoma, akakaa chini, akalia. Mzee akadhani yeye ndiye aliyemliza, akaanza kuomba radhi, akasema kahawa basi amemsamehe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe kahawa ililipiwa, ila Mama aliisomesha kwenye mashine ya mzee badala ya yake.

Tukaenda dukani wote watatu. Postma alilinganisha saa za risiti zote mbili, akaichana ile karatasi. Mama akasema haitoshi: alishikwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Basi Postma akasimama pale penye mikate, masikio mekundu, akawatangazia wateja kwamba Mama hana kosa. Kwa hilo namshukuru.

Halafu akaharibu. Alimletea Mama kizibao cha kijani chenye jina la duka, akamwomba aendelee kuwasaidia wazee kwa kujitolea, Ijumaa na Jumamosi, maana Ijumaa ile alipoondolewa walikwama kabisa. Mama alikikagua mbele na nyuma, akakikunja vizuri, akamrudishia.

"Bwana Postma, kazi hii nilipolipwa niliifanya miaka thelathini na moja. Nilipoifanya bure mkaniita mwizi. Sasa mimi ni mteja."

Tangu siku hiyo anapanga foleni kwenye ile kaunta moja, na wazee wote nyuma yake. Foleni inafika kwenye maziwa. Jana duka lililazimika kufungua kaunta ya pili, wameajiri dada mmoja mpole. Zamu ya Mama ilipofika, yule dada alimwomba amgeuzie pakiti ziangalie upande wa bei, ili mambo yaende haraka. Mama akatia mikono mifukoni.

"Geuza tu mwanangu," akamwambia. "Wewe wanakulipa."

Msalimie wifi Marleen, na Ytsje na Sietse uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakubusu. Mungu awalinde nyote humo ndani.

Dada yako anayekupenda siku zote,
Hinke