Habari Iliyotangulia Kura

Neema mjukuu wangu,

Huku Kasulu tu wazima, bibi yako anavuna maharage. Unauliza kama ugombee uenyekiti wa chama chenu wilayani.

Nilipokuwa mwandishi kijana Kibondo, habari zilipelekwa gazetini kwa basi la asubuhi. Siku chama kilipochagua mwenyekiti, niliandika mshindi kabla ya kura, maana jina lilikuwa limeshashushwa kutoka juu. Mpinzani wake, mwalimu Yusta, akaisoma karatasi yangu.

“Ndugu mwandishi, unanizika ningali napumua? Na nikishinda?”

“Hutashinda, mwalimu.”

Akacheka, akaingia ukumbini kujieleza. Jioni matokeo yalipotangazwa, sikuwa na neno la kusahihisha. Chaguzi nyingi nimeziandika hivyo tangu siku ile, na bado nangoja kukosea.

Ni mimi, babu yako.