Kipimo cha Baiskeli ya Nzomo

Kitengela,
18 Novemba 2003

Kwa ndugu yangu mkubwa Nzomo,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako Masila, mwenye nguvu, mwenye sura, na ambaye tangu Pasaka amekupita urefu, hata kama hutaki kukubali. Mko aje huko Rombo? Natumaini mvua imewafikia na vitunguu vimesimama vizuri. Mimi niko sawa, isipokuwa mikono imekauka kwa kupakia simiti mpaka nikimsalimia mtu anafikiri ameshika tofali. Msalimie sana shemeji Syokau. Mwambie zile nyanya zake zilifika, nusu zikiwa zimeshakuwa supu ndani ya katoni, na tulizila hivyo hivyo bila kulalamika.

Na goti lako linaendeleaje? Siulizi kwa adabu tu. Hilo goti ndilo limefanya barua hii iwe ndefu, kwa hivyo tafuta pahali ukae. Najua utasema mtu aliyeachia Form Two atajaza karatasi tatu na nini. Utaona. Hata yule mwalimu aliyenifukuza darasani alikubali kwamba kalamu yangu ina mdomo.

Habari ya kwanza ni nzuri: uko na baiskeli. Tena baiskeli ya resi kabisa, ya bluu, usukani wa pembe za kondoo kama ile yako, na fremu nyepesi naiinua kwa kidole. Kile kidole kidogo. Usiulize nimeitoa wapi, nitakuambia tu. Iko mzee mmoja pale Kajiado, nyuma ya soko, alikuwa akimfanyia kazi padri fulani mzungu. Padri alirudi kwao akamwachia vitu, na hiyo baiskeli ilikuwa imelala chini ya nyasi za ng'ombe miaka miwili, kuku wakitagia kwa kiti. Mzee hakutaka pesa. Alitaka radio yangu ya kaseti na yule beberu wangu mweusi niliyemwachia mama kule nyumbani. Nimempa vyote. Usinionee huruma, radio ilikuwa inakula kaseti, na beberu alikuwa ameanza kudharau watu.

Kwa nini nimefanya hivyo unajua. Ile yako ya kwanza, uliyoniachia hapa ploti, haipo. Ni mimi niliyekupigia simu mwezi wa kumi nikakuambia kufuli imepatikana imevunjwa, na wewe kwa hasira zako ukampigia Mama Wamaitha mwenye ploti, ukamwambia soja wake analinda usingizi. Tangu siku hiyo soja mwenyewe, Wanyama, amepewa mpaka mwisho wa mwezi huu aondoke kwa ile nyumba ya geti, yeye na mkewe mama Jacinta na yale mandazi ambayo wapangaji wote wa ploti wanaamkia. Kwa hivyo mimi nikafikiri na kichwa changu: nikileta baiskeli nyingine, ya kukutosha vizuri, wewe utapoa, Mama Wamaitha atapoa, na mambo yatajinyoosha yenyewe. Kazi ilikuwa hiyo. Na shida yote ikatokea kwa hilo neno la kukutosha.

Nilipanda hiyo baiskeli kutoka Kajiado mpaka Kitengela. Mpaka Isinya nilikuwa mwanamume, malori ya Namanga yananipigia honi za heshima. Baada ya Isinya magoti yalikuwa yananigonga karibu na kidevu, shingo imekufa, na nilipofika kwa Lesiamon, yule fundi wa baiskeli anayekaa mbele ya hardware tunakopakia simiti, nilishuka nikiwa nimekunjika kama kiti cha kanisa. Lesiamon alisalimia kwa Kimaasai, "Supai", kama kawaida yake, nami sikuweza hata kuinua kichwa nijibu "Ipa". Aliniuliza kama naomba ama natafuta kitu kimeanguka.

Nilimwambia ni baiskeli ya ndugu yangu Nzomo, airekebishe ikae kama ile ya zamani. Akauliza Nzomo ni wa kimo gani. Nikasema, sisi watoto wa Munguti ni ganda moja, nipime mimi. Lesiamon alinitazama miguu mpaka nikaona haya, kisha akasema kwao mtu hamchagulii mwenzake kiatu kwa kutazama uso. Akanikumbusha lile goti uliloumiza kule kona ya Isinya. Akasema wewe mwenyewe ulikuwa unakuja kwake kila mwezi na spana, unapandisha kiti kwa upana wa njugu, unashusha kwa upana wa mchele, miaka miwili nzima, mpaka siku moja goti likanyamaza. Baada ya hapo ulikataza mtu yeyote kugusa kile kiti. Sasa yeye apate wapi hicho kipimo, na mwenyewe yuko Rombo anapalilia vitunguu?

Hapo ndipo akili yangu ilifanya kazi. Nilikimbia nyumbani nikaleta ile suruali yako ya kijivu ya kaki uliyoiacha. Tuliijaza maranda ya mbao mpaka ikasimama kama mtu, tukafunga miguu na kamba, tukaikalisha juu ya kiti na kuishikisha pedeli. Nzomo, laiti ungejiona! Mtu mwenye matako na miguu bila kitu juu. Akina mama waliokuwa wakipeleka maziwa walisimama. Mmoja alisema kwa Kimaasai jambo ambalo Lesiamon alikataa kunitafsiria, lakini alicheka mpaka akaweka spana chini. Mimi nilitoa timazi ya hardware nikaiangusha kutoka kwa goti la maranda mpaka kwa pedeli, kama fundi wa ghorofa. Kila kitu kikanyooka. Nikajisifu vizuri sana.

Halafu Lesiamon akainama, akashika pindo la ile suruali, akaligeuza. Akaniuliza kwa nini kuna mstari wa mkunjo wa zamani vidole vitatu juu ya pindo la sasa. Niliangalia pembeni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeipeleka kwa fundi wa nguo akaishusha, kwa sababu Jumapili huwa naivaa mimi. Kwa hivyo kiti chote tulichopima mchana ule kilikuwa changu, si chako. Ungekipanda hivyo Krismasi na wale wenzako wa resi mpaka Kajiado, goti lingerudi kulia kabla ya kufika Isinya. Lesiamon hakunitukana. Alifungua tu nati zote akaanza upya, na hiyo ni mbaya kuliko matusi.

Wakati huo Wanyama alikuwa anapita, ametoka kutafuta kazi kwa kiwanda cha mawe. Kumbuka huyu ndiye mtu umesema alilala baiskeli yako ikienda. Mimi ningekuwa yeye ningepita kando. Lakini aliposikia tunatafuta nini, alisimama akavuka barabara na ule mguu wake mzito. Akasema mbona jambo ni rahisi. Kila asubuhi ukienda kazi kwa viwanda vya EPZ ulikuwa unaegemeza baiskeli kwake hapo getini ili ufunge kamba za viatu, na ncha ya kiti ilikuwa inagusa koti lake kwa kifungo cha pili kutoka chini. Si juu ya kifungo, si chini. Hata iko alama nyeusi. Alikuwa amelivaa hilo koti na zile gumbuti za kazi, akaja akasimama kando ya baiskeli wima kabisa kama anapokea bendera, na kweli, Nzomo, pale kwa kifungo cha pili kitambaa kimeng'aa kwa kusuguliwa.

Lesiamon akashusha kiti mpaka hapo akakaza. Kisha Wanyama akasema bado usukani. Akatuonyesha vile ulikuwa ukifanya kila ukirudi kutoka kwa fundi: kiwiko kwa ncha ya kiti, mkono unyooke mbele, na vidole vikose usukani kwa upana wa vidole viwili. Akasema mkono wako na wake ni sawa, mlishapima siku moja mkibishana. Alipoweka kiwiko, usukani ulikuwa mbali, vidole vinne. Lesiamon akabadilisha ile shingo ya usukani akaweka fupi aliyokuwa nayo kwa mkebe wake. Vikabaki viwili. Wanyama akapiga kiti kofi dogo, kama mtu anamwambia ng'ombe enda, akasema sasa hiyo ni ya Nzomo.

Kabla hajaenda aliniambia nikiandika barua nikusalimie. Alisema Krismasi hamtaonana, watakuwa wamehamia Matasia, huko kuna mtu anajenga na anataka mlinzi wa mawe, lakini hakuna nyumba ya mke, kwa hivyo mama Jacinta atarudi Bungoma kwanza. Alisema hivyo bila kunung'unika. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Ndugu yangu, hilo swali nililibeba mpaka nyumbani kama mfuko wa simiti. Kwa sababu tangu uende Rombo nimekula kwa hiyo nyumba ya geti kila jioni. Wewe mwenyewe ndiye uliyewaomba.

Sasa nakuandikia lile ambalo ningekuambia kwa simu mwezi wa kumi. Baiskeli yako haikuibiwa na mtu. Ni mimi. Ile Jumapili ya tarehe 12 vijana wa resi walikuwa wanaenda Isinya na kurudi, na walikuwa wamesema mdogo wa Nzomo ni wa kubeba simiti tu. Nilitaka kuwaonyesha. Kiti kilikuwa chini kwangu, nikakipandisha. Nikapandisha tena, mpaka ule mstari uliochongwa kwa nguzo ya kiti, ule ambao uliniambia usiwahi kuonekana nje, ukawa nje juu ya fremu, naupita kwa macho kama sijui kusoma. Wakati wa kwenda niliwaacha wote, hiyo siwezi kukudanganya. Wakati wa kurudi, kwenye mlima, nilikalia kwa nguvu na fremu ikapasuka pale chini ya kiti, krak, kama mfupa wa kuku. Nilitembea mpaka Kitengela nimeibeba begani. Kesho yake niliwapa watu wa vyuma vikuukuu, na kufuli nikaivunja mwenyewe na nyundo ya hardware.

Na sijamaliza. Siku hiyo nilipoitoa, Wanyama hakuwa amelala. Alikuwa kanisani. Alikuwa ameniomba nimshikie geti masaa mawili. Kwa hivyo ukiuliza nani alikuwa soja saa ile baiskeli ilipotoka, soja nilikuwa mimi. Mama Wamaitha alipomkemea mbele ya ploti nzima, angesema tu, "Geti nilimwachia Masila." Hakusema. Alisema alikuwa hapo na hakuona kitu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tangi la maji, nikitafuna mandazi ya mkewe.

Jana jioni nilienda nikamwambia yote. Alikuwa anafunga sufuria kwa gunia. Aliniambia alijua tangu ile Jumapili, kwa sababu niliporudi suruali yangu ilikuwa na alama ya cheni na macho yangu yalikuwa yanatazama viatu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema yeye ni soja, kazi yake ni kungoja watu waingie wenyewe. Mama Jacinta alichukua sahani yangu ya kila jioni akaitia pia ndani ya gunia.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Wamaitha. Hapo ndipo nimekwama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Akasema anajua mdomo wangu, kwamba ninakula kwa Wanyama na nimekuja kulipia ugali kwa kujitia makosa. Vyuma vya kumwonyesha sina, vilishaenda kuyeyushwa. Akasema malalamiko aliyapokea kwa mwenye baiskeli, na atayafuta akisikia sauti ya mwenye baiskeli, si ya mwingine. Nimesema uongo mtamu sana maisha yangu yote, na siku nimesema ukweli hakuna wa kuununua.

Barua hii nampa dereva wa lori la nyanya, atakufikishia Alhamisi. Ile simu ya dukani huko Rombo uliyompigia nayo wakati ule bado ipo, na namba ya Mama Wamaitha unayo.

Baiskeli iko kwa Lesiamon, imefungwa, na mimi siipandi. Nikupe salamu za mama, nilimwona Jumamosi, yuko na afya na anauliza beberu alienda wapi, nisaidie kutafuta jibu. Salamu za Lesiamon pia. Shemeji Syokau, ukisomewa hii, nisamehe wewe kwanza ili mwenzako aone mfano.

Nzomo, nikanye, nitukane, niite jina lolote, lakini weka hayo yote mpaka Krismasi, nitakuwa hapa stejini nikikungoja uje uyamwage. Wanyama ndiye hawezi kungoja. Yeye atahama tarehe thelathini.

Ni mimi mdogo wako aliyekukosea,
Masila Munguti