Sahihi Tatu Zinazofanana

Jumatatu, 4 Machi
Saratani ya titi imenihama, mizigo imeniachia mimi. Leo nilimuuliza daktari uvimbe wa mkono wa kulia utaisha lini. Akasema tezi za kwapani zikishaondolewa hazioti tena — huu ndio mkono wangu sasa, nivae soksi ya kubana, nisibebe kizito. Nikamshukuru. Miaka ishirini na miwili ya uwakili imenifunza kushukuru nikishindwa.

Jumatano, 6 Machi
Hati tano nilizoshuhudia zimerudishwa na ofisi ya msajili. Muhuri ni wangu, jina ni langu; sahihi, wanadai, hailingani na iliyo kwenye jalada lao. Mimi, niliyewathibitishia watu kwamba wao ndio wao! Mwenzangu wa ofisini akatania kwamba nimejighushi mwenyewe. Nikacheka. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Alhamisi, 7 Machi
Kurasa nne za sahihi. Mkia wa herufi ya mwisho, niliozoea kuucharaza kama mjeledi, unakwama njiani. Vidole ganzi. Dada mkubwa akachungulia: bora uhai, mdogo wangu, mkono ni nini? Kweli. Kweli hiyo nimeichoka. Yeye asubuhi alijifunga vifungo mwenyewe, kisha akanifunga vyangu.

Jumatatu, 11 Machi
Ofisi ya msajili. Karani ni binti mpole, na upole wake ndio unaoniumiza. Anataka sahihi tatu zinazofanana. Nikishindwa leo, jina langu linafutwa katika orodha ya mawakili wanaoshuhudia hati. Nimetia saba. Hakuna mbili zilizo ndugu.

Akanisogezea pedi ya wino: usijali, mama, weka dole gumba tu, hata wasiojua kusoma tunawapokea hivyo. Nikamkumbusha, kwa sauti yangu ya mahakamani, kwamba dole gumba ni lazima lishuhudiwe na wakili. Akapekua kanuni. Akakiri. Akauliza, bila hila yoyote, kama namjua wakili aliye karibu.

Nimempigia mwenzangu. Yuko njiani — na utani wake, bila shaka. Nasubiri kwenye benchi, dole limekwisha kupakwa wino, naandika haya kwa mkono wa kushoto. Mzee aliyeketi kando yangu ameuona muhuri mapajani pangu. Ananinyooshea hati yake, na kalamu.

Samahani, mama wakili, anasema, nitilie sahihi hapa.